Jumba la Wanamaker la Philadelphia: Bei Moja, Paa Moja

Katikati ya jiji la Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, hatua chache kutoka makao makuu ya serikali ya jiji, limesimama jumba la ghorofa 12 linalojaza kitalu kizima cha mji kati ya barabara za Market, Chestnut, Juniper na Mtaa wa 13. Jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara John Wanamaker, likazinduliwa na Rais William Howard Taft tarehe 30 Desemba 1911, na kwa zaidi ya karne moja ghorofa zake za chini zilikuwa duka, ingawa jina la mlangoni lilibadilika mara kadhaa. Ni miongoni mwa kumbukumbu kubwa zilizobaki za duka kuu, yaani duka moja lenye idara nyingi, kila idara ikiwa na msimamizi na hesabu zake, ambamo mnunuzi huweza kupata nguo, samani, vitabu, vyombo vya jikoni na hata chakula cha mchana bila kutoka nje. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kama habari za tajiri na mali zake. Hapa inatazamwa kwa upande wa umma ulioingia humo, kwa kuwa jumba hili lilisimama juu ya ahadi mbili: ya kwanza, kwamba bei itakuwa moja kwa kila mtu, ya pili, kwamba anayeingia halazimiki kununua. Ahadi ya pili, ambayo mwanzoni ilikuwepo ili kuitumikia ile ya kwanza, ndiyo iliyoishi muda mrefu zaidi.

John Wanamaker alizaliwa Philadelphia mwaka 1838, mtoto wa mfyatua matofali, na elimu yake ya darasani ilikuwa fupi. Kabla ya kuwa mwenye duka alikuwa katibu mwajiriwa wa chama cha vijana Wakristo, YMCA, katika jiji hilo, na mwaka 1858 alianzisha shule ya Jumapili ya Bethany, ambayo aliitumikia maisha yake yote hata alipokuwa tajiri mkubwa. Mwezi Aprili 1861, yeye na shemeji yake Nathan Brown walifungua duka la nguo za wanaume na wavulana liitwalo Oak Hall, kwenye pembe ya Market na Mtaa wa 6. Wakati haukuwa mzuri hata kidogo, kwani siku chache tu baadaye ngome ya Fort Sumter ilishambuliwa kwa mizinga na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikaanza. Simulizi za kampuni zinasema kwamba mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa dola 24 na senti 67, na kwamba mwenye duka alizitumia zile dola 24 kwa matangazo, akabakiza senti kwa ajili ya chenji. Iwe ni kweli yote au imetiwa chumvi, simulizi hiyo inaonyesha jinsi kampuni ilivyotaka kujulikana. Vita vyenyewe, badala ya kuliua duka, vilililetea maagizo ya sare, na Brown alipofariki mwaka 1868 Oak Hall lilikuwa tayari limepata jina.

Ili kuelewa kilicholitofautisha duka hilo, ni lazima kueleza namna watu walivyonunua vitu katika miji ya Marekani wakati huo. Katika maduka mengi bei haikuandikwa. Mwenye duka alifunga kwenye kila bidhaa kilebo chenye herufi za siri zilizoonyesha kiasi alichonunulia yeye, herufi ambazo mteja hakuweza kuzisoma. Karani akamtazama mteja, akapima nguo zake, lafudhi yake na haraka yake, kisha akataja kiasi alichodhani mtu huyo angestahimili, na mvutano ukaanzia hapo. Msomaji aliyewahi kununua shuka Kariakoo au koti Gikomba hahitaji kuelezwa zaidi. Haki ya kupatana bei nayo itajwe, kwa kuwa mazungumzo hayo hujenga mazoea kati ya muuzaji na mteja wake, na humwezesha mwenye kidogo kupunguziwa. Lakini mgeni, mtoto aliyetumwa, mhamiaji asiyejua vizuri lugha na mtu mwenye aibu walilipa zaidi, na hawakujua kwamba wamelipa zaidi. Aliyekwisha kulipa hakuwa na njia ya kurudisha kitu kibovu, kwa sababu kanuni ya biashara iliyotawala ilikuwa kwamba mnunuzi ajilinde mwenyewe.

Katika miaka ya 1860 Wanamaker alitangaza kanuni nne: bidhaa itadhaminiwa, bei itakuwa moja, malipo yatakuwa ya fedha taslimu, na asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Vitabu vingi vya sifa vimemwita mvumbuzi wa mambo haya, na dai hilo halisimami. Wafanyabiashara wa madhehebu ya Quaker, ambao ndio walioiasisi Philadelphia yenyewe, walikuwa wameshikilia bei moja kwa sababu za kiimani tangu karne mbili nyuma, wakiona kwamba kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni kusema uongo. Alexander Turney Stewart wa New York aliitumia katika duka lake kubwa kabla ya Oak Hall kufunguliwa. Na huko Paris, Aristide Boucicaut wa Le Bon Marché alikuwa akifanya hivyo katika miaka ya 1850. Sifa inayomstahili Wanamaker ni nyingine, na si ndogo: aliichapisha ahadi hiyo kwenye magazeti, akaifanya iwe hati ambayo mteja yeyote angeweza kuja nayo mkononi na kumdai.

Ukuaji uliofuata ulihitaji nafasi. Mwaka 1875 Wanamaker alinunua stesheni ya zamani ya mizigo ya shirika la reli la Pennsylvania, kwenye Market na Mtaa wa 13, mahali ambapo wakati huo palionekana kuwa mbali mno na kitovu cha biashara. Kabla hajaingiza hata suruali moja aliwapa nafasi wahubiri Dwight Moody na Ira Sankey, ambao kuanzia Novemba 1875 hadi Januari 1876 walifanya mikutano ya injili humo ndani mbele ya maelfu ya watu kila siku. Wapo waliosema kwamba ulikuwa ujanja wa kuwafundisha watu njia ya kwenda dukani, na wapo waliosema kwamba ilikuwa imani tupu. Anayeyasoma maisha yake kwa makini ataona kwamba kwa mtu huyu mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana. Mei 1876 stesheni hiyo ilifunguliwa kama duka lililoitwa Grand Depot, siku chache kabla ya maonyesho ya dunia ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani kuanza katika jiji hilohilo. Mwaka uliofuata duka lilipanuliwa kutoka nguo za kiume hadi vitambaa vya kike, viatu, vyombo na mengineyo, kaunta zikapangwa kwa duara, moja nje ya nyingine, kuizunguka ile ya katikati. Wenye maduka madogo walilalamika kwa uchungu, na walikuwa na sababu, kwa kuwa muuza kofia au muuza glavu alishindana sasa na idara ambayo ingeweza kuuza kwa hasara mwezi mzima huku idara nyingine zikiibeba.

Teknolojia iliingia haraka. Taa za umeme ziliwashwa Grand Depot mwaka 1878, wakati nyumba karibu zote za mji zilikuwa zikitumia gesi na mafuta, na simu ikafuata mwaka 1879. Kilichobadilisha zaidi kazi ya kila siku, hata hivyo, kilikuwa mabomba ya hewa yaliyofungwa mwaka 1880. Awali, karani alipouza kitu alimwita mtoto wa kazi, akampa fedha na karatasi ya mauzo, na mtoto akakimbia nazo hadi kwa mtunza fedha, kisha akarudi na chenji, mteja akiwa amesimama anasubiri. Baada ya 1880 karani alitia fedha na karatasi ndani ya kopo dogo, akalisukumiza kwenye mdomo wa bomba, na hewa iliyovutwa na mashine ikalinyonya kopo hilo kupita kwenye kuta hadi chumba kimoja cha fedha, ambako karani mwingine alihesabu, akapiga muhuri na kulirudisha. Kwa utaratibu huu muuzaji hakuwa tena na senti ya duka mfukoni mwake, na wenye duka waliweza kujua saa kwa saa ni idara ipi inauza. Katika mwaka huohuo kampuni ilimwajiri John E. Powers, mwandishi wa matangazo aliyeshikilia jambo lililowashangaza hata wakuu wa idara, yaani kwamba tangazo liseme ukweli kuhusu bidhaa, pamoja na kasoro zake. Mauzo yalipanda, ingawa uhusiano wa mwandishi na mwajiri wake haukuwa wa amani siku zote.

Mwaka 1889 Rais Benjamin Harrison alimteua Wanamaker kuwa Mkuu wa Posta, cheo kilichokuwa na hadhi ya uwaziri, na hadi 1893 alishughulikia majaribio ya kupeleka barua hadi majumbani vijijini na utoaji wa stempu za kwanza za kumbukumbu za nchi hiyo. Alishutumiwa pia kwa kuwaondoa kazini maelfu ya watumishi wa posta kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1896 alinunua lile duka la marehemu Stewart huko New York, na tangu hapo kampuni ikawa na miguu miwili.

Usawa uliotangazwa upande wa mnunuzi haukuvuka kaunta kwa kila mtu. Kwa watoto waliofanya kazi dukani, kampuni ilianzisha mwaka 1896 chuo cha biashara kilichobeba jina la mwenye duka, ambamo walisoma hesabu, uandishi na utunzaji wa vitabu, wakafanya gwaride na kupiga muziki wa bendi, na wakati wa kiangazi walipelekwa kambini pwani ya New Jersey. Katika enzi ambayo watoto wengi wa rika lao walikuwa viwandani na migodini, hayo hayakuwa mambo ya kubezwa. Wanawake walipata kazi ya uuzaji kwa wingi. Lakini W. E. B. Du Bois, katika utafiti wake juu ya Waafrika-Wamarekani wa Philadelphia uliochapishwa mwaka 1899, alionyesha namna milango ya ukarani madukani na maofisini ilivyofungwa mbele ya vijana weusi wa jiji hilo hata walipokuwa na elimu ya kutosha, na kwa miongo mingi iliyofuata watu weusi katika maduka makuu ya Marekani walionekana zaidi kwenye lifti, jikoni na kwenye vyumba vya mizigo. Hayo yasemwe waziwazi katika historia yoyote inayoadhimisha duka la bei moja. Yasemwe pia kwamba mchoraji mkubwa Henry Ossawa Tanner, Mwafrika-Mmarekani aliyekulia Philadelphia, alisafiri kwenda Palestina mwaka 1897 kwa gharama ya Rodman Wanamaker, mtoto wa mwenye duka, na kwamba safari hiyo ilichangia sana michoro yake ya habari za Biblia iliyompa heshima Ufaransa na kwao.

Mwanzoni mwa karne ya 20 iliamuliwa kwamba Grand Depot libomolewe na mahali pake pajengwe jumba jipya. Kazi ilikabidhiwa kwa Daniel Burnham wa Chicago, msanifu majengo aliyesimamia ujenzi wa maonyesho ya dunia ya 1893 na ambaye ofisi yake ilikuwa tayari imejenga maduka makuu katika miji mingine. Ugumu haukuwa katika urefu wa jumba, kwa kuwa ujenzi wa kiunzi cha chuma, yaani nguzo na boriti za chuma zinazobeba uzito wote huku ukuta ukibaki kuwa vazi la nje, ulikuwa umekwisha kuzoeleka. Ugumu ulikuwa kwamba biashara isisimame hata siku moja. Kwa hiyo jumba lilijengwa kwa vipande vitatu: sehemu ya duka la zamani ikabomolewa huku sehemu nyingine ikiendelea kuuza, kipande kipya kikainuliwa hadi juu na kujazwa bidhaa, ndipo kinachofuata kikaanza. Mtu anayetazama leo sura ya nje ya mawe ya itale, iliyotulia kwa namna ya majumba ya matajiri wa Florence wa zamani, hawezi kuona mishono. Kila ghorofa ilitandaa karibu kitalu kizima, na kwa jumla jumba lilikuwa na takriban futi za mraba milioni mbili za sakafu.

Katikati ya eneo hilo lote, ambalo kila futi yake ingeweza kuwekwa meza ya bidhaa, Burnham na mwajiri wake waliacha wazi. Ukumbi Mkuu unapanda kutoka sakafu ya chini kupita ghorofa saba, kimo cha karibu futi 150, ukizungukwa na matao ya marumaru ambayo kutoka kwenye kila ghorofa humwezesha mtu kutazama chini. Kwa hesabu ya muuza duka, ni hewa tupu iliyogharimu fedha nyingi. Uamuzi huo wa kuacha nafasi ndio uliolifanya jumba kuwa mali ya jiji kwa maana isiyoandikwa kwenye hati yoyote. Kwenye sakafu ya ukumbi alisimamishwa tai wa shaba mwenye uzito wa pauni 2,500, kazi ya mchongaji Mjerumani August Gaul, aliyeletwa kutoka maonyesho ya dunia ya St. Louis ya 1904. Manyoya yake yalitengenezwa moja moja, na uzito wake ulilazimu sakafu iongezewe boriti chini. Vizazi vya wakazi wa Philadelphia vimepeana miadi kwa kutaja tai tu, pasipo haja ya kutaja mtaa wala duka: askari aliyerudi likizo na mchumba wake, shangazi aliyetoka shamba, wanafunzi waliotoroka mvua. Hakuna aliyewauliza wanataka kununua nini.

Kutoka maonyesho hayohayo ya St. Louis kilikuja kitu kikubwa zaidi. Kinanda cha mabomba ni ala ambayo sauti yake hutoka kwenye mabomba ya mbao au madini yanayopulizwa na hewa, kila bomba likitoa noti moja tu, hivyo kwamba ili kupata noti nyingi na rangi nyingi za sauti ni lazima kuwa na mabomba mengi. Kinanda kilichosanifiwa na George Ashdown Audsley na kuundwa na kampuni moja ya Los Angeles kwa ajili ya maonyesho kilikuwa na zaidi ya mabomba 10,000, na gharama zake ziliifilisi kampuni iliyokiunda. Kilikuwa kimelala ghalani Wanamaker alipokinunua mwaka 1909. Kilihitaji mabehewa 13 ya reli kukileta Philadelphia na miaka miwili kukifunga, na kilisikika rasmi kwa mara ya kwanza ukumbini tarehe 22 Juni 1911, wakati Mfalme George V alipokuwa akitawazwa huko London.

Kilipopigwa iligundulika kwamba mabomba 10,000 hayautoshi ukumbi ule. Kampuni ya kawaida ingekubali hasara na kuendelea na biashara. Rodman Wanamaker, ambaye mapenzi yake ya muziki yalikuwa makubwa kuliko hesabu, alifungua karakana ya kuunda vinanda ndani ya jumba lenyewe na kuajiri mafundi wa kudumu. Kufikia 1917 mabomba 8,000 yalikuwa yameongezwa, na kati ya 1924 na 1930 yakaongezwa mengine 10,000, hata jumla ikazidi 28,000. Meza ya mpigaji, yenye safu sita za vibao vya kubonyeza na mamia ya vitufe vya kuchagulia sauti, ilitengenezwa na mafundi hao wa dukani. Bomba refu kuliko yote, la mbao, lina urefu wa futi 32 na upana unaotosha farasi mdogo wa Shetland kusimama ndani yake, jambo lililowahi kufanywa na kupigwa picha. Uzito wa kinanda chote ni tani 287. Atlantic City, mji jirani, kuna kinanda chenye mabomba mengi zaidi, lakini sehemu kubwa yake ilinyamaza kwa miongo mingi, na ndiyo sababu hiki cha Philadelphia hutajwa kuwa kikubwa kuliko vyote vinavyofanya kazi.

Kilichofanyika kwa ala hiyo hakikuwa mapambo ya duka. Mwaka 1919 Leopold Stokowski aliongoza Philadelphia Orchestra pamoja na kinanda, kaunta zikiwa zimeondolewa ili kupisha umati wa maelfu. Desemba 1921 mpigaji Mfaransa Marcel Dupré alipewa nyimbo nne za kale za kanisa na kutakiwa atunge papo hapo; alichokibuni usiku ule kati ya rafu za bidhaa baadaye alikiandika upya kikawa Symphonie-Passion, kazi inayopigwa makanisani ulimwenguni kote. Joseph Jongen wa Ubelgiji alitunga Symphonie concertante mwaka 1926 kwa ajili ya kinanda hiki, lakini ucheleweshaji wa ukarabati na kifo cha Rodman mwaka 1928 viliizuia kupigwa hapo, na Philadelphia Orchestra ilikuja kulipa deni hilo mwaka 2008.

Muziki ulikuwa pia bidhaa. Duka liliuza piano kwa bei iliyoandikwa, jambo jipya katika biashara iliyojulikana kwa ulaghai wake, na kumbi mbili, moja iliyopambwa kwa mtindo wa Misri ya kale na nyingine kwa mtindo wa Ugiriki, zilitumika kuzionyesha na kuzipigia. Hapa historia ya jumba inagusana na Pwani ya Afrika Mashariki. Vibao vyeupe vya piano za Marekani vya enzi hiyo vilifunikwa kwa pembe za ndovu, na katika karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wachukuzi kutoka bara, mwendo wa miezi, hadi Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, ikasafirishwa hadi vijiji vya viwanda vya Connecticut kama Ivoryton na Deep River, ambako ilipasuliwa kuwa vipande vyembamba vya kubandikwa juu ya mbao. Wengi wa wachukuzi hao walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, na wengine walikuwa watu waliotekwa. Binti wa Philadelphia aliyeweka vidole juu ya kibao hakuwa na namna ya kujua hayo kutokana na kilebo cha bei.

Tarehe 10 Mei 1908, jumba likiwa bado linaendelea kujengwa, Anna Jarvis alikutanisha umati katika ukumbi wa mikutano wa duka kuadhimisha Siku ya Mama, katika siku ileile ambayo ibada ya kwanza ya maadhimisho hayo ilifanyika kwao Grafton, West Virginia. Kwenye ghorofa ya tisa mkahawa uliojulikana kama Crystal Tea Room, wenye taa kubwa za vioo, ulikuwa miongoni mwa mikubwa zaidi jijini. Idara ya vitu vya kuchezea ilikuwa na treni ndogo iliyoning'inia kwenye reli ya darini na kuwazungusha watoto juu ya vichwa vya wazazi wao. Leo treni hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya watoto ya jiji hilo. Tangu 1956 ukuta wa Ukumbi Mkuu ukawa kila mwaka na onyesho la taa za Krismasi lililosanifiwa na Frederick Yost, ambalo familia ziliketi sakafuni kulitazama bila malipo.

John Wanamaker alifariki Desemba 1922. Baada ya Rodman kampuni iliendeshwa kupitia amana ya familia, na kwa muda mrefu ilijiendesha kwa heshima zaidi kuliko kwa ujasiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wateja walihamia viungani, barabara kuu na magari binafsi yakawapeleka kwenye vituo vipya vya maduka vyenye maegesho makubwa, na maduka makuu ya katikati ya miji ya Marekani yakaanza kufa moja baada ya jingine. Mwaka 1978, mwaka uleule jumba lilipopewa hadhi ya Kumbukumbu ya Kihistoria ya Taifa, familia iliiuza kampuni kwa Carter Hawley Hale ya Los Angeles. Mwaka 1986 iliuzwa tena kwa Woodward & Lothrop ya Washington, ambayo ilifilisika, na mwaka 1995 ikaangukia kwa kampuni ya May. Jina la Wanamaker likaondolewa mlangoni; likaja Hecht's, kisha mwaka 1997 Lord & Taylor, na mwaka 2006 Macy's. Wakati huohuo duka lilikuwa likishuka ngazi, kwa kuwa ghorofa za juu zilifanywa ofisi, na hatimaye bidhaa zikabaki kwenye ghorofa chache za chini kuuzunguka ukumbi.

Kinanda kilipona kwa sababu ya watu wachache wasiochoka. Ndani ya kinanda cha aina hii kuna maelfu ya vifuko vidogo vya ngozi, ambavyo hujaa hewa na kunywea ili kufungua na kufunga njia ya kila bomba. Ngozi hukauka na kupasuka baada ya miongo kadhaa, na kila kifuko kilichopasuka ni noti iliyokufa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya noti zilikuwa zimekufa. Mwaka 1991 kiliundwa chama cha marafiki wa kinanda, kikachangisha fedha, na kwa ushirikiano na wenye duka waliopishana kikarudisha karakana ndani ya jumba, ambamo mafundi waliibandua ngozi ya zamani na kuibandika mpya, kifuko kwa kifuko, kwa miaka mingi. Peter Richard Conte, mpigaji mkuu tangu 1989, aliendelea kupiga mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, mbele ya yeyote aliyekuwapo, wakiwemo waliokuja kutafuta soksi.

Macy's ililifunga duka Machi 2025, na katika siku za mwisho watu walijaa kwenye matao ya ghorofa zote kusikiliza. Kampuni ya TF Cornerstone ya New York, inayolimiliki jumba, imetangaza mpango wa kugeuza ghorofa za juu kuwa makazi na kuacha maduka chini. Hadhi ya kihistoria hutambua thamani ya itale, marumaru, tai na mabomba, lakini haisemi mlango wa Ukumbi Mkuu ufunguliwe saa ngapi, wala ni nani alipe umeme wa vipulizo vya kinanda. Duka lilikuwa na sababu yake ya kufungua kila asubuhi, na umma uliingia kwa kivuli cha sababu hiyo. Nyumba za kupangisha hazina sababu kama hiyo, na kwa hiyo haki ya kuingia, ambayo kwa miaka zaidi ya 110 haikuhitaji kuandikwa, itahitaji sasa kuandikwa katika mikataba. Katika miezi ya mwisho ya 2025 Opera Philadelphia iliandaa maonyesho ndani ya ukumbi, na taa za Krismasi zikawashwa tena kwa michango ya wafadhili, watu wakaingia katika jumba ambalo halikuwa tena duka.